Kisa Kwanza, Mwongozo Baadaye: Kumbukumbu za Michezo ya Mpakani

Ubishi ninaotaka kuusimulia ulitugawa sisi vijana wa michezo ya kuigiza wa Malaba na Busia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hadi leo tukikutana matangani au harusini kuna anayeuanzisha upya. Swali lilikuwa hili: wanaochapisha vifaa vya maigizo watuletee nini? Watuletee visa vilivyoandikwa tayari, vyenye wahusika wake na mikasa yake, sisi tuvitie uhai? Au watuletee miongozo, yaani vitabu vya mbinu, mazoezi, orodha za maswali na maelezo ya ugonjwa, ili visa tuvitunge wenyewe? Mimi nilikuwa upande wa visa. Miaka zaidi ya ishirini imepita na bado niko upande huo. Naandika kwa sababu miongozo inaendelea kuchapwa kila mwaka, ilhali visa vinavyofaa kuchezwa mbele ya watu bado ni haba.

Asiyeijua Malaba ya wakati ule itambidi aniamini nikimwambia jinsi foleni zilivyokuwa. Matrela yalijipanga kutoka langoni kuelekea Bungoma hadi macho yakachoka kuyafuata. Yalikuwa yametoka Mombasa yakienda Kampala, Kigali, Bujumbura na mashariki mwa Kongo. Forodha ilikuwa na taratibu zake za upande wa Kenya, ukivuka ukakuta nyingine upande wa Uganda, na dereva aliyekosa karatasi moja alilala hapo siku kadhaa akimngoja wakala wake. Siku hizo ndizo zilizolisha mji. Mama wa chapati, mwenye lojingi, mwenye baa, kijana wa bodaboda, mbadilisha pesa mwenye mabunda ya shilingi za nchi mbili mkononi, wote walikula kwa sababu lori limesimama. Busia, kusini mwetu, hali ilikuwa hiyohiyo, na juu yake kulikuwa na soko lililovuka mpaka asubuhi na jioni: samaki kutoka ziwani, mahindi, nguo, sukari, nyingine kwa njia ya halali na nyingine kwa njia za panya.

Ugonjwa nao ulisafiri kwa barabara hiyo. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999, lakini sisi huku hatukuhitaji tangazo. Kila Jumamosi ilikuwa na matanga yake. Katika vijiji vya Wateso vya Chakol na Amukura, na vya Wakhayo na Wasamia kuzunguka Busia, tulizika walimu, madereva, kina mama wa soko, na wenzetu tuliosoma nao. Wakati huo dawa za kupunguza makali zilikuwa za wenye pesa. Zilipotolewa bila malipo katika hospitali za umma, mwaka ulikuwa 2006, na kwa wengi tuliowajua tulikuwa tumechelewa.

Hapo ndipo mashirika yalipokuja na masanduku ya vitabu, nasi tukaitwa waelimishaji rika. Tulikuwa kikundi cha vijana waliomaliza shule na hawakupata kazi: wengine Wateso, wengine Waluhya, Mjaluo mmoja, na dada mmoja wa upande wa Uganda aliyekuwa akivuka kila asubuhi. Tulicheza penye watu: karibu na egesho la malori, sokoni, kwenye baraza la chifu, nje ya vilabu vya ajono ambako wazee walikuwa wakinyonya kwa mirija mirefu. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo. Tulimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyohivyo.

Sanduku la kwanza lilijaa miongozo. Ilikuwa vitabu vizuri na wala sikusudii kuidharau. Ilieleza jinsi ya kuchangamsha mwili kabla ya kucheza, jinsi ya kuunda mhusika, jinsi ya kuchora ramani ya kijiji ili kujua watu wanakutana wapi, jinsi ya kuuliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au la. Ilieleza jinsi virusi vinavyoambukizwa na jinsi visivyoambukizwa. Tulifundishwa kwa wiki nzima katika ukumbi wa hoteli, tukapewa vyeti, tukarudi nyumbani kila mtu na kitabu chake.

Kisha tukasimama mbele ya madereva na hatukuwa na la kusema. Mbinu tulizijua. Kilichokosekana ni mtu fulani, wa mahali fulani, mwenye shida fulani. Jioni tulikaa kutunga, na kila jioni tulitunga kitu kilekile: baba mlevi, mama mvumilivu, kijana mtukutu, daktari mwenye koti jeupe anayekuja mwishoni kuhubiri. Watu walicheka baba alipoyumba, wakapiga makofi daktari alipomaliza, wakaondoka walivyokuja. Mwongozo ulikuwa umetuambia tuibue mjadala. Haukutupa kitu cha kujadiliwa. Kutunga kisa chenye uzito ni kazi ya ufundi, na vijana wenye njaa, wanaofanya mazoezi mara mbili kwa wiki baada ya kubeba mizigo mpakani, hawapati muda wa kuwa watunzi. Baada ya miezi michache miongozo ile ilikuwa inashikilia milango isifungwe na upepo.

Sanduku la pili lilikuwa dogo. Ndani yake kulikuwa na visa vichache, kila kimoja kurasa chache zilizopigwa chapa na kubanwa kwa pini. Havikuwa tamthilia kama zile tulizosoma shuleni, zenye kila neno la kila mhusika. Kila mhusika alikuwa na nusu ukurasa wake: anataka nini, anajua nini, anaficha nini. Kisha palikuwa na onyesho la kwanza, la pili na la tatu, na mahali pa kusimama. Hapo pa kusimama paliandikwa kwamba mwezeshaji ajitokeze, awageukie watazamaji, awaulize wangefanya nini, na atakayejibu aombwe aingie uwanjani ashike nafasi ya mhusika.

Mbinu hii tuliiita magneti, kwa sababu ilichezwa mahali palepale na saa ileile kila wiki hadi watu wakavutwa kuja wenyewe. Katika Kenya ya miaka hiyo shirika la PATH lilijulikana kwa kuieneza. Asili yake ya mbali ni Mbrazil Augusto Boal, aliyefukuzwa na utawala wa kijeshi wa kwao akafanya kazi Peru mwaka 1973, na huko akakuza uigizaji ambao mtazamaji anaruhusiwa kuusimamisha mchezo na kuingia ndani. Sisi hatukumjua Boal. Tulijua kwamba tumepewa kisa.

Kile tulichokicheza zaidi kilikuwa cha dereva. Amepima njiani, mji wa mbali, na majibu yamemwonyesha ana virusi. Karatasi ameificha chini ya kiti cha lori. Anafika nyumbani, mkewe ana mimba changa, kliniki imemwambia aje na mumewe wapimwe pamoja. Mke anamwomba waende kesho asubuhi. Utingo wake, ambaye ni shemeji yake, anajua kuhusu karatasi. Hapo ndipo pa kusimama.

Siku moja Malaba, mimi nikiwa dereva, aliinuka mama aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga. Aliweka sinia chini, akafuta mikono kwenye leso, akaingia kuwa mke wangu. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa nimelala na nani na wapi. Hakuuliza. Aliniambia, "Baba watoto, mambo ya barabarani ni yako na Mungu wako. Mimi nakuuliza huyu aliye tumboni nimfanyie nini." Sikuwa na jibu, wala kurasa zangu hazikuwa na jibu. Uwanja ulinyamaza. Ndipo dereva mmoja wa kweli akasema kutoka nyuma kwamba nitoke, aingie yeye. Akaingia, akamjibu mama yule kwamba wataenda, na atajifanya hajawahi kupima, wapate majibu pamoja kama watu wasiojua. Umati ukalipuka. Wengine walisema huo ni uongo juu ya uongo. Wengine walisema ni busara, maana muhimu ni mama afike kliniki mtoto akingali wa kuokolewa. Wazee waliingilia, wasichana wa baa waliingilia, na mjadala uliendelea hata baada ya sisi kukunja vitu vyetu.

Hayo yalitoka katika kurasa chache. Hakuna aliyefundishwa mbinu siku ile. Yule mama hakujua kwamba ameshiriki katika mbinu yoyote. Alipewa mtu mwenye siri na mwanamke mwenye haki ya kuijua, na akili yake ikafanya kazi iliyobaki. Nasi waigizaji, kwa kucheza kisa hicho tena na tena, tukajifunza ufundi ambao mwongozo ulishindwa kutufundisha. Tulielewa kwa nini mhusika apewe kitu cha kuficha. Tulielewa kwa nini mchezo usimame kabla ya uamuzi na si baada yake. Tulielewa kwa nini utingo awe shemeji: kwa sababu kila siri yetu huku ina ndugu anayeijua. Kisa kizuri hubeba mwongozo wake ndani yake, na mchezaji huufyonza bila kuhisi.

Mwalimu hakukubaliana nami, na hoja zake zilikuwa na mizizi. Alisema visa vile vimeandikwa mjini na watu wasiotujua. Na kweli kimoja kilikuwa na familia inayoishi ghorofa ya tatu, mama anapanda matatu mbili kwenda kazini, na shangazi anayeshauri kwa simu. Busia ya wakati huo, nani alikuwa na shangazi wa kushauri kwa simu? Alisema pia kwamba anayekuletea kisa anakuletea na shida yake aliyoichagua yeye. Mashirika yalitaka tuzungumze kuhusu mpira wa kondomu kwa sababu ndio uliokuwa kwenye bajeti. Kina mama wa Busia walitaka kuzungumza kuhusu mjane anayerithiwa na shemeji kabla ya mwaka kuisha, na kuhusu shamba linaloondoka naye akikataa. "Mwongozo unanipa jembe," alisema Mwalimu. "Kisa kinanipa ugali uliopikwa na mtu asiyejua kama nina njaa."

Alitaja pia mifano mikubwa. Alitaja Kamiriithu, Limuru, ambako wanakijiji walijenga uwanja wao wa michezo na mwaka 1977 wakacheza Ngaahika Ndeenda hadi serikali ikaupiga marufuku mchezo huo, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka. Alitaja Malya, mkoani Mwanza, ambako wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama akiwa mmoja wao, walikaa na wanakijiji mwaka 1982 na 1983 wakaibua michezo kutokana na shida za wenyeji. Huo, alisema, ndio uigizaji wa watu. Hakuna aliyewatumia kurasa zilizobanwa kwa pini.

Niliitafakari hoja hiyo kwa miaka. Nilipokuja kusoma zaidi niliona kwamba Kamiriithu inasimama upande wangu kuliko wake. Ngaahika Ndeenda ilianza kama maandishi ya watu wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waliyaleta kijijini, na katika mazoezi ya hadhara wakulima na wafanyakazi wakayasahihisha: mtu hasemi hivi, mzee hakai namna hii, wimbo wa wakati ule ulikuwa huu. Nguvu ya wanakijiji ilipata pa kushika kwa sababu palikuwa na kitu mbele yao. Malya nako walikuwapo wataalamu wa sanaa waliokaa muda mrefu na kijiji. Kikundi cha mpakani hakina mhadhiri wa kukaa nacho. Kikipewa mbinu peke yake kinaachwa bila mtunzi na bila maandishi.

Na lile kosa la kisa cha ghorofa ya tatu ndilo lililonifunza zaidi. Tulikicheza Busia kama kilivyo, na katikati ya onyesho mzee mmoja akasimama akasema kwamba hakuna mwanamke wa namna hiyo hapa. Mwezeshaji akamwuliza, basi wa hapa yukoje, mzee? Mzee akaanza kueleza. Kina mama wakamkatiza wakisema naye pia hajui. Kabla ya jua kuzama tulikuwa na kisa kingine kabisa: mama ni mjane anayevuka mpaka kununua dagaa, shangazi amekuwa mke mwenza, na simu imekuwa mtoto anayetumwa. Tukakiandika usiku huohuo nyuma ya kurasa zilezile. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisa kisicho chetu kilitufanya tuseme cha kwetu, kwa sababu hadithi hubishiwa. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona mtu akisimama sokoni kuubishia mwongozo.

Ushahidi kwamba kisa hugusa pale maelezo yasipofika haukuwa wetu peke yetu. Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati mwaka 1993. Mhusika wake aliyevuma ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, ambaye hatimaye alimwacha akajitegemea. Watafiti waliufuatilia mchezo huo kwa umakini usio wa kawaida: eneo la Dodoma liliachwa bila kurushiwa hadi 1995 ili walinganishe watu waliosikia na wasiosikia. Waliosikia walibadilika kuliko wasiosikia, katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na Ukimwi. Elimu iliyokuwamo ndani ya Mkwaju ilikuwa imekuwapo kwenye vipeperushi miaka mingi. Watu walikuwa wakingoja Mkwaju.

Mabishano yetu niliyadhani ni ya mpakani tu, hadi kijana wangu alipokwenda kusoma Nairobi akaanza kucheza michezo ya mezani na wenzake. Wanakaa watu watano au sita. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na dadu zenye pande nyingi huamua bahati. Mchezo uliotangulia wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Nilipoketi nao likizo moja nikasikiliza, niliutambua ule uwanja wa Malaba: mtu anapewa mhusika, anapewa shida, na hakuna anayejua atafanya nini. Na nilipomwuliza vitabu vyao vinatoka wapi, akanieleza ubishi wetu neno kwa neno, ila wao wanabishana kuhusu biashara.

Wachapishaji wa michezo hiyo wanaweza kuuza visa vilivyoandikwa tayari, au wanaweza kuuza vitabu vya nyongeza: sheria zaidi, aina zaidi za wahusika, ramani na maelezo ya nchi za kubuni. Kwa mfanyabiashara, hesabu inaonekana wazi. Kisa hununuliwa na msimulizi peke yake, mtu mmoja kati ya watano au sita, na akishakichezesha hakirudii na watu walewale. Kitabu cha sheria hununuliwa na kila mchezaji. Kwa sababu hiyo wenye makampuni wengi walikiona kisa kuwa mzigo. Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ilipotoa leseni ya wazi, iliyowaruhusu wengine kuuandikia mchezo wake wa Dungeons & Dragons, moja ya faida zilizotajwa ni kwamba kazi ya kuandika visa ingefanywa na makampuni madogo, nayo kampuni hiyo ikabaki na vitabu vinavyouzwa zaidi.

Hesabu hiyo ina tundu, na historia ya michezo hiyohiyo inalionyesha. Gygax alianza kuchapisha visa vyake mwaka 1978, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisa chake The Keep on the Borderlands kiliwekwa ndani ya sanduku la wanaoanza. Ni kisa cha ngome iliyo mpakani, nami nilifurahi kulisikia hilo. Kizazi kizima kilijifunza kusimulia kwa kukichezesha hicho. Mwaka 2007 kampuni ya Paizo ilianza kutoa mfululizo wa visa kwa wanaolipia kila mwezi, ikajenga biashara yake juu yake, na mchezo wake wenyewe ukaja baadaye kuvihudumia visa hivyo. Na Wizards of the Coast walipotengeneza sanduku la wanaoanza mwaka 2014, ndani yake pamoja na sheria fupi waliweka kisa, Lost Mine of Phandelver, wala hawakumwachia mgeni atunge mwenyewe. Walijua nilichokijua Malaba. Mtu hununua kitabu cha mbinu kwa sababu siku moja alionja kisa kilichomkamata. Wakikosekana wasimulizi wenye kitu cha kusimulia, wale wengine hawatakuwa na mchezo, na vitabu vyao vya sheria havitanunuliwa.

Nakiri uzito wa jambo moja kwa upande wa miongozo: kisa huzeeka haraka. Kisa chetu cha dereva kilihusu karatasi ya kifo. Baada ya 2006 karatasi hiyo ilikuwa na maana nyingine, kwa kuwa aliyepima alipata dawa na akaishi. Ikabidi visa vigeukie mtu anayeficha vidonge kwenye mfuko wa unga ili mke mpya asivione, au dereva anayevuka mpaka na dawa zimemwishia. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili Februari 2018, mizigo ikawa inakaguliwa upande mmoja tu, na mhusika anayelala siku kadhaa langoni akahitaji sababu nyingine ya kulala. Kitabu cha mbinu cha mwaka 2001 bado kinasomeka. Kisa cha 2001 kinahitaji kuandikwa upya.

Lakini hiyo ni sababu ya kuchapisha visa vingi zaidi, vyepesi, kwa bei ndogo, mara kwa mara. Kinachozeeka kwa haraka ndicho kilichokaa karibu na maisha ya watu. Mwongozo haukuzeeka kwa sababu haukumtaja mtu yeyote.

Mwalimu alifariki miaka michache iliyopita. Kabla ya hapo, mara ya mwisho tulipobishana, alinipa jambo ambalo sasa ninaliona kuwa sehemu ya msimamo wangu. Aliniambia, "Haya, leta visa vyako, lakini mwandishi awe wa hapa, na mwisho usiandikwe." Sikuwa na la kuongeza. Kisa kilichofungwa mwisho wake ni mahubiri, na mahubiri tulikuwa nayo ya kutosha. Kisa kilichoandikwa na asiyewahi kuvuka mpaka kinatufaa mara ya kwanza tu, pale tunapokikataa.

Kwa hiyo nawaambia wanaochapisha, wawe mashirika yanayotaka kuelimisha au makampuni yanayotaka kuuza michezo: fedha zenu za kwanza ziende kwenye visa. Mtafuteni mama wa soko la Busia anayejua kusimulia, kijana wa Malaba aliyewahi kuwa utingo, mzee wa Amukura anayejua nani alirithi nini, muwalipe kama waandishi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi watakayofanya. Kila mhusika apewe anachotaka, anachojua na anachoficha. Visa viandikwe kwa Kiswahili, kwa Kiteso, kwa Kikhayo na Kisamia. Acheni pambizo pana wachezaji wasahihishe, na acheni mwisho wazi. Kikundi kikishacheza visa vitano kitawaomba mwongozo chenyewe, na hapo uchapeni, maana utasomwa.